Mkanda Kibogoyo

Trrrrr, halafu tak. Nikikaa kimya mpaka leo naisikia mashine ile ya kurudishia mikanda ya video. Ilikuwa nyekundu, umbo la kigari, na mie ndiye niliyeihudumia kwenye kibanda cha mjomba cha kukodisha mikanda huko Temeke, miaka ile biashara zilipofunguliwa na kila mtaa ukapata deki yake ya video moja au mbili. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, lakini nilijiona nimefika. Wateja wakipungua nilisimama mbele ya televisheni iliyozimwa, nikajitazama kwenye kioo chake, nikasoma taarifa ya habari kutoka kwenye gazeti lililofungia maandazi. Siku moja mteja alinikuta nawatakia wasikilizaji usiku mwema, saa nne asubuhi. Akaniitikia, tena kwa heshima.

Ukutani mjomba alibandika kibao: RUDISHA KABLA YA KURUDISHA. Maana yake uuzungushe mkanda hadi mwanzo kabla hujatuletea. Watu walikichekaga sana, na bado wakaleta mikanda imeishia katikati.

Kila mkanda ulikuwa na kijino cha plastiki mgongoni. Kijino kikiwepo unaweza kurekodia kitu kingine juu yake. Kikivunjwa, deki inakataa. Mkanda usio na jino tuliuita kibogoyo. Anayetaka kumrekodia kibogoyo lazima azibe tundu kwa selotepu, na mjomba hakuwa na subira hiyo. Kibogoyo kwake alikuwa amestaafu, anakaa rafu ya juu.

Basi ukaja mkanda wa siasa. Haukuwa wa mapigano wala wa mapenzi. Wageni walipiga picha zamani, wakati watu wa bara wakitolewa kwenye mashamba yao na kupelekwa vijiji vipya. Ulipoonyeshwa ukumbini mjini, nusu ya watu walitoka wakizomea na nusu wakapiga makofi, magazeti nayo yakarushiana maneno. Kwa hiyo ulipotoka wa kuangalia nyumbani, mjomba akahangaika mpaka akapata nakala. Wiki mbili haukulala rafuni.

Ubishi wote ulikuwa kwenye sehemu moja. Bibi kizee yuko juu ya lori, macho kayafumba, mdomo wazi, mabega yanamtikisika. Sauti ya Kiingereza inasema bibi huyu anaililia ardhi ya wazee wake. Fundi cherehani wa jirani alisema huo ndio ukatili wenyewe. Balozi wetu wa nyumba kumi akasema bibi kalipwa alie, na kwamba filamu nzima ni matusi kwa nchi.

"Na Kiingereza umekijulia wapi," balozi alimuuliza fundi, "kwenye cherehani?"

"Cherehani yangu imesoma kuliko wewe, balozi."

Wiki ya tatu wakachoka. Mjomba akaazima mkanda wa mieleka kwa rafiki yake, akaniambia Ijumaa hiyo, akitoka msikitini, tutaurekodia juu ya ule wa siasa. Mwenye mieleka alitaka mkanda wake jioni. Sikuona neno. Nikautia ule wa siasa kwenye deki nihakikishe haujakwaruzika.

Ndipo akaingia mama mwenye nyumba wangu na beseni lake la maandazi, kama kila siku. Alikuwa mtu wa bara, mjane, anaongea taratibu. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alilitua beseni sakafuni, na yeye haweki chakula chini hata siku moja.

"Rudisha hapo, mwanangu."

Nikarudisha. Bibi akafumba macho, akafungua mdomo.

"Huyo mama yangu," alisema.

Nilitaka kulia kwa ajili yake. Nikamfasiria vile sauti inavyosema, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kwamba mama yake analia. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jua ni la kijani.

"Analia nini? Anacheka huyo. Hana jino hata moja, akicheka ndivyo anavyokuwa. Kuku wake alimtoroka mgambo, mgambo akamkimbiza, mwenyewe akaanguka kwenye tope. Sote tulicheka." Akakigusa kioo. "Kulia alilia kesho yake, tulipofika tukakuta pori tupu. Wenye kamera walishaondoka."

Tukarudisha mara ya tatu, ya nne. Kila mara nilimwona bibi akicheka waziwazi, nikashangaa wiki mbili zote nilikuwa natazama nini. Mama akaniambia hana picha nyingine ya mama yake, hii ndiyo ya kwanza kuiona tangu wamzike.

Mjomba akatokea nyuma na kanzu yake ya Ijumaa. Nilimweleza haraka haraka. Akakuna kidevu, akasema mkanda wenyewe umetuletea maneno na balozi, watu hawautaki tena, na mieleka wanaisubiri.

"Mie siulizi habari za balozi, baba," mama alimwambia kwa upole. "Naomba niwe napita kumtazama mama."

Mjomba akaangalia kioo, bibi akiwa amesimamishwa katikati ya kicheko. Akatazama saa.

"Tutaona nikirudi," alisema, akaenda zake kuswali.

Namjua mjomba. Moyo wake ni laini lakini mikono yake ina haraka. Angerudi, angekamata mkanda wa kwanza wenye jino. Mama naye alijitwika beseni lake, akaondoka bila kuniachia maandazi, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nikabaki peke yangu. Niliurudisha mkanda hadi mwanzo, trrrrr, tak. Nikachukua kijiko cha chai, nikapenyeza mpini wake mgongoni mwa mkanda, nikabinya mpaka kijino kikavunjika. Halafu nikapanda juu ya kigoda, nikamweka bibi rafu ya juu, pamoja na vibogoyo wenzake.