Kuku Aliyevunjwa Mguu kwa Ajili Yangu

Juzi, kule Pasiansi, daktari aliinua picha ya mguu wangu dirishani. "Mama, ugoko uliunga vizuri. Lakini kifundo nacho kilivunjika siku ileile. Hakuna aliyekiangalia?"

Hakuna. Nilikuwa mtoto binamu yangu Shija aliponisukuma kutoka juu ya tela la pamba ya shamba la ujamaa. Mzee wa kuunga mifupa, aliyenuka samli na ugoro, akaninyoosha ugoko, akaufunga kwa vijiti. Kisha akamvunja kuku wetu mguu, akamfunga vilevile. "Huyu akitembea, na wewe utatembea."

Nililia kwamba kifundo nacho kinauma. "Maumivu yanashuka tu," alisema.

Alasiri moja, harufu ya dagaa imejaa uani, nilimsikia Shija akicheza mpira nje huku akicheka. Nikampa yule kuku jina la Shija, nikamsokota kifundo mpaka akapiga kelele. Raha niliyoipata!

Kuku alipona akichechemea. Nami nikachechemea. Niliamini nimejilemaza mwenyewe kwa kumsokota yule kuku, na kwa sababu hiyo tu nikamsamehe Shija.

Jumapili anakuja kula kwangu. Msamaha wangu nitamwambia anirudishie.