Kichaka na Shemeji Yake

Koplo mmoja, dereva wa lori la jeshi, alibatizwa Kichaka, kwa sababu gari akilificha yeye, hata mpishi anayeleta chai hulipita. Miaka yote sifa hiyo ilikuwa yake peke yake. Kisha mdogo wa mkewe, dereva vilevile, akahamishiwa kikosi hichohicho.

Shemeji alikuwa na mkono. Hakutupa wavu tu juu ya lori akaondoka. Alisuka nyasi kavu chini, majani mabichi juu, akapaka matope taa na kioo cha mbele visimeremete. Luteni akaita watu waje kujifunza. Nyumbani nako mke hakuwa na wimbo mwingine: "Umesikia walivyomsifia mdogo wangu?" Kichaka akawa anatafuna chakula kama kokoto.

Siku ya zoezi kubwa waliambiwa wajifiche msituni, kikosi kingine kiwasake. Kichaka alipomaliza lake alikwenda kuchungulia la shemeji, na nusura aligonge kwa paji la uso. Kwa wivu akalizunguka akitafuta kasoro. Ila chini, kwenye udongo laini, alama za matairi zilikuwa wazi, hazijafagiwa.

"Vipi shemeji, kuna kasoro?" shemeji aliuliza kutoka juu, akikaza kamba.

"Hakuna. Safi kabisa."

Akarudi zake, roho kwatu. Mchana wasakaji walizifuata alama hadi kwenye lori. Kichaka, amelala kifudifudi chini ya gari lake hapo jirani, alimsikia sajenti wao akifoka, "Mwenzako yuko wapi?"

"Niko peke yangu, afande."

Wakaondoka naye.

Jioni luteni alimsimamisha Kichaka mbele ya wote: lori lake pekee halikupatikana. Shemeji alipiga makofi kuliko wengine, na makofi hayo ndiyo yaliyomchoma.

Walipokuwa wakikunja nyavu, shemeji alisema polepole, "Zile alama uliziona."

"Niliziona."

"Nilijua. Ulikuwa umezikanyaga."

"Utamwambia dada yako?"

"Nimwambie ili iweje?"

Na kweli hakumwambia. Aliendelea kuja kula kwao siku za mapumziko, akicheka, akimwita Kichaka "mwalimu wangu" mbele ya dada yake. Na Kichaka, aliyekuwa akimwonea wivu mikono yake, sasa akamwonea wivu hata moyo wake.