Nilikataa keyboard tatu town juu ya mlio wa button moja, wakuu bado sijarudi sawa

Hapana, sijui kuandika. Hata jina yangu sijui.

Naongea tu, simu inaandika yenyewe. Sharon mjukuu yangu ndiye aliniwekea hiyo kitu, na ndiye atanisomea yenye mtasema. Nimemwambia asiruke matusi.

Haya wakuu, niaje. Si hivyo ndio mnasalimiana huku? Mimi ni Kukhu, yaani nyanya, wa Kangemi. Meno ni zangu zote isipokuwa nne. Nikidanganya mahali, kuna mtu amekaa kando yangu hapa ananicheka, huyo atanishika. Mtamjua, ngojeni.

Sasa, Sharon anakaa Mountain View, estate ya hapa karibu. Kazi yake ni kusikiza watu wakiongea kwa computer, halafu anaandika kila kitu wamesema. Kutwa nzima, tatatata. Nilimwambia hiyo ni kazi yangu, mimi pia husikiza watu, tofauti ni mimi nawaiga bure.

Juzi juzi button za computer yake zikaanza kukwama. Akanijia na ile sauti yake ya puani, "Kukhuuu, aki nataka ile mechanical, iko retro, na ni wireless."

Nikamwambia kwa hayo yote nimesikia Kukhu peke yake.

Akanionyesha picha. Wueh.

Button za duara, zimepangwa kama meno, rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ilikuwa mashine ya mzee wangu imezaliwa upya!

Ngoja niwaambie juu ya mzee, ndio msipotee.

Mzee wangu alikuwa anafanya kazi kwa stoo kubwa huko Karen. Alisema yeye ni karani, na Kangemi yote ilikuwa inamwita Karani. Siku moja akakuja nyumbani amebeba taipureta kwa bega, ati tajiri wake amenunua mpya. Mimi nikajua nimeolewa na msomi. Kanisani alikuwa anaimba nyimbo zote bila kitabu. Wengine wanafungua fungua makaratasi, yeye ameangalia juu tu kama malaika. Nilikuwa natembea nimeinua shingo.

Majirani wakija waandikiwe barua, alikuwa anakohoa, "Hii mashine ni ya mambo ya ofisi." Lakini mimi, bibi yake, aliniandikia. Mara tatu.

Barua zote zilikuwa za dadangu Nafula, huko nyumbani. Mama yetu alikuwa mgonjwa, na mimi nilikuwa na watoto wadogo hapa Nairobi. Simu hakuna. Nikasema, Karani, muulize Nafula mama anaendelea aje, na kama ni mbaya nije.

Akakaa, akanyoosha vidole, akaanza. Hiyo mlio niko nayo kwa kichwa mpaka leo:

Tak-tak-tak-tak-tak-tak-tak-tak-tak-TING! Krrrrr. Tak-tak-tak-tak-tak-tak-tak-tak-tak-TING! Krrrrr.

Bila kupumzika. Nilikuwa nasimama mlangoni majirani wasikie.

Akimaliza ananisomea. Leo anasoma "mama ameamkaje," kesho karatasi ni hiyo hiyo anasoma "mama amepata nafuu?" Nikamwambia Karani, barua yako inageuka kama mawingu. Akacheka sana. Bahasha ilikuwa inaandikwa na mtu wa posta, alisema hiyo ndio sheria.

Nafula hakujibu. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya.

Nikakuja kusikia mama amezikwa kutoka kwa mwanamke wa kwetu ameleta mboga soko ya Kangemi. Alikuwa anapima mboga ya mtu mwingine, akaniambia pole, nikamuuliza pole ya nini.

Nilipofika nyumbani nilikuta kaburi imeshaota nyasi. Nikamuuliza Nafula, barua zangu uliona?

Akaniambia na hiyo sauti yake ya kuvuta, "Niliona, dada. Nikapeleka kwa mwalimu. Mwalimu akajaribu, akasema haisomeki."

Haisomeki! Mwalimu mzima, ako na chaki kwa masikio, ati haisomeki. Barua imeandikwa na karani wa Nairobi, kwa mashine! Nilimwita muongo mbele ya watu wote na mbele ya kaburi. Tangu hiyo siku sikumwongelesha tena. Mzee akafa, Nafula akakuja kwa matanga, nikampita kama kisiki. Lakini hapo nyumbani nilikuwa naiga hiyo "haisomeki" yake wajukuu wanacheka mpaka wanalia.

Sasa wiki iliyopita Nafula amepigia Sharon. Macho imeanza kumkataa, anatakiwa kuonwa na daktari hapa Nairobi, na hana pahali pa kulala isipokuwa kwangu. Sharon akaniuliza. Nikasema hapana. Akaniuliza tena. Nikasema mwambie haisomeki.

Sharon alikasirika. Alikuwa apeleke jibu hiyo siku jioni. Lakini mimi nilikuwa nimesema hiyo keyboard nitamchagulia mwenyewe, na masikio yangu, na akasema sawa, twende, labda kwa njia nitalainika.

Sikulainika.

Tukaenda Luthuli, ile street ya maduka ya electronics huko town. Duka ya kwanza kulikuwa na msichana wa kucha ndefu kama za kuku. "Mum, hii inawaka rangi zote, ona!" Ikawaka kama disko matanga. Nikamwambia mimi sinunui taa, nanunua mlio. Tukatoka.

Duka ya pili ni ya mzee wa Mombasa, Bwana Athmani, kofia nyeupe, kanzu imepigwa pasi. Huyo nilimpenda saa hiyo hiyo. "Karibu bi mkubwa, karibu kiti. Nikutafutie kitu gani, mamangu?" Kangemi nani amewahi kuniita bi mkubwa? Mimi huitwa "wewe shosho ondoka kwa njia."

Nikamwambia nataka keyboard inalia kama taipureta ya marehemu. Uso ikafunguka. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa karani wa mawakili huko Mombasa, ameandika kwa taipureta ujana yake yote.

Akatoa ya kwanza, nyeusi na ukingo ya dhahabu. Akaiunganisha na simu ya Sharon, waya hakuna. Nikauliza, bila waya inajuaje yenye inaandika inaenda wapi? Sharon akasema, "Inaenda tu, Kukhu, kwa hewa." Nikasema aha, kama barua zangu.

Bwana Athmani akaandika. Vidole zake wakuu! Kama mtu anachambua mchele.

Tak-tak-tak DUP. Tak-tak DUP. Tak-tak-tak-tak DUP.

Nikamwambia simama. Hii imeharibika. Kuna kitu inaanguka ndani.

Akaigeuza, akaiangalia, "Nzima hii, bi mkubwa." Nikasema leta ingine.

Ya pili, kijani kama friji ya zamani. Tak-tak DUP. Tak-tak-tak DUP. Nikasema hii pia iko na huo ugonjwa. Sharon amejificha nyuma ya mkoba, "Kukhu aki unaniaibisha."

Ya tatu ndio ile ya picha, rangi ya chai. Nzuri mpaka nikaishika kama mtoto. Mlio ilikuwa tamu, ndogo, kavu. Tak-tak-tak-tak... DUP.

Nikapiga meza. "Bwana Athmani, hii duka yako yote ni mbovu? Taipureta haina dup! Mimi nimelala na taipureta!"

Hakukasirika. Akanishika kidole pole pole, akaiweka kwa ile button ndefu huko chini. "Bi mkubwa, gonga."

Dup.

"Hii ndiyo nafasi. Neno likisha, wagonga hapa, ndipo lifuatalo lisimame peke yake. Hata taipureta inayo. Bila hii, maneno yote hugandana, hapana mtu awezaye kuyasoma."

Nikacheka. Nikamwambia hapana baba, labda zenu za Mombasa. Ya mzee wangu haikuwa inalia hivyo.

"Yalia vipi? Niigizie."

Sasa mnanijua, mimi kuambiwa niige ni kama kupewa chai. Nikakaa vizuri, nikafunga macho, nikampa yote, na ting na krrr. Watu wa duka wakasimama kusikiza. Kengele niliipata sawa sawa mpaka akasema Mashallah.

Halafu akasema, "Rudia." Hakuwa anacheka tena.

Nikarudia.

"Na hakuwa akigonga nafasi? Hata mara moja?"

Nikasema hata moja. Kutoka mwanzo mpaka ting, moto moja.

Akavuta ile keyboard ya chai, akaniambia niige mara ya tatu. Mimi naiga na mdomo, yeye anafuata na vidole, tak kwa tak, hajali anagonga gani. Tukamaliza. Nikamuuliza Sharon, sasa hapo kwa simu yako imeandika nini?

Sharon akaangalia. Akaangalia sana.

"Kukhu," akasema, "haisomeki."

Wakuu. Hiyo neno nimeiiga miaka yote hiyo, kwa sauti ya kuvuta, watoto wakicheka. Sharon hakuiiga. Aliisema tu vile iko.

Nilikaa kwa hicho kiti nikaona nyasi. Ile ya kaburi ya mama. Na Nafula amesimama hapo, mikono kwa kifua, mimi nampigia kelele muongo wewe, na yeye hanijibu.

Nikamshika Bwana Athmani mkono ya kanzu. Nikamwambia wewe ni karani, niambie, labda alikuwa na haraka? Labda button ilikuwa imevunjika?

Akachukua kitambaa, akaanza kupanguza keyboard yenye haina vumbi.

Niwape somo yangu hapa, juu nikifika hiyo sentensi yenye aliniambia sitaendelea tena. Ukienda kuchagua keyboard usidanganywe na zile button ndogo, zote zinalia vizuri. Sikiza ile ndefu. Na mtu akikuambia kitu mara moja, na harudii, na hajitetei, mwache kwanza kabla hujamwita muongo mbele ya kaburi.

Ile ya rangi ya chai tulichukua. Sharon anasema inamtosha. Na huyu ananicheka hapa kando ni Nafula. Macho daktari ameangalia, amepewa dawa ya matone, mimi ndiye namtia. Anasema nisimseme vibaya mzee, alikuwa ananipenda ndio maana. Sijui bado. Nyinyi mnaonaje? Kama kuna mtu hapa alilala na mtu miaka yote hiyo asijue kitu kama hii, aandike, Sharon atanisomea.

Basi. Nikamvuta ile kanzu tena. Nikamwambia Bwana Athmani, mimi ni mtu mzima, sema.

Akaweka kitambaa chini. Hiyo heshima yake yote ya Mombasa, bi mkubwa, mamangu, akaiweka kando.

"Mumeo alikuwa hajui kuandika."