Kisima Kitamu cha Mkwe

Mimi ni mtu wa maneno mengi, na namshukuru Mungu kuna watu wanaonilipa kwa sababu hiyo. Redio yetu ni ndogo, iko Singida mjini juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kila Alhamisi alasiri nakaa na mtaalamu mmoja, namuuliza amegundua nini na amegunduaje. Nimekaa na mama aliyehangaika na mbegu za alizeti msimu baada ya msimu mpaka akapata inayovumilia jua letu. Nimekaa na bwana aliyefuatilia nyuki wadogo wasiouma mpaka akajua wanavyoelekezana njia. Natoka studio kichwa kimejaa, nafika nyumbani nasimulia upya, mpaka watoto wananiambia, "Mama, jamani, tumeshasikia redioni."

Redio ilinifaa kwa sababu nyingine pia. Meno yangu ni ya kahawia, yana madoa, na sikuzaliwa nayo hivyo. Wengi huku kwetu tuko hivyo. Ukifika Dodoma ukacheka tu, mtu anakuuliza, "Wewe wa Singida?" Nilijifunza mapema kucheka nimeziba mdomo, na kwa mtu anayependa utani kama mimi, hiyo ni adhabu.

Basi siku moja akanipigia mzee mmoja, mkemia mstaafu, mtu ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye visima vya mkoa huu, akizunguka na baiskeli na chupa zake kabla mtu mwingine hajaona kama kuna kazi pale. Akasema atakuja Alhamisi kwenye kipindi, ila Jumanne ya wiki ya kabla yake tuonane kwanza. "Uje na maji unayoyaamini kuliko yote," akaniambia.

Sikufikiri mara mbili. Binti yangu ameolewa kijijini, mbele kidogo ya Mungaa, na nyumbani kwa wakwe zake kuna kisima alichochimba marehemu baba mkwe wake kwa mikono yake, akipasua mwamba. Maji yake ni maangavu, baridi, matamu. Hakuna mpita njia anayeachwa apite bila kuyaonja. Binti yangu akanitumia dumu dogo kwa basi.

Jumanne mzee akaingia. "Shikamoo," nikamwambia. "Marahaba, mwanangu," akajibu, akatabasamu, nami nikabaki nimeduwaa. Meno yake yalikuwa ya kahawia kuliko yangu! Mtu mzima wa chuo, anatabasamu waziwazi, hana habari.

Nikamuuliza alianzaje. Akaniambia kwao ni upande wa Kinyangiri, na baba yake alikuwa na wake wawili kwenye boma moja. Watoto wa mke mkubwa wote meno meupe. Watoto wa mke mdogo, yeye akiwemo, wote meno ya kahawia. Baba mmoja, shamba moja, ugali mmoja. Watu wakasema mke mkubwa ana wivu, kawatia watoto wa mwenzake dawa.

"Yule mama alinibeba mgongoni," mzee akasema. "Nilipokuwa mgonjwa, yeye ndiye alikesha. Sikuweza kuamini. Nikawa najiuliza, mimi na ndugu zangu wale tunatofautiana nini? Mpaka siku moja nikiwa shule ya sekondari nikaona. Kila mke alikuwa na kisima chake."

Jamani! Nilisisimka mwili mzima. Wangapi tumekulia kwenye maboma ya namna hiyo, tukala chungu kimoja, tukachota visima viwili, na hatukuona kitu?

Alikwenda kusoma kemia kwa ajili ya jambo hilo tu. Akarudi na vifaa vyake, akapima visima vyote viwili. Cha mama yake mzazi kilikuwa kimejaa floraidi, madini yanayotoka kwenye mawe yetu, hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Cha mke mkubwa hakikuwa nayo ya kutisha. Na ni hatua chache tu kutoka kimoja hadi kingine.

"Yule mke mkubwa alikuwa bado hai?" nikauliza.

"Alikuwa hai. Nilimwekea chupa mbili mbele yake, nikamweleza. Akaniambia, 'Mwanangu, hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ni mimi.'"

Nilifuta machozi kwa kanga, sikujali ananiona.

Halafu akanieleza jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria nashika kichwa. Alisema jino la ukubwani halianzi siku linapochomoza. Linajengwa ndani ya ufizi, taratibu, tangu mtoto hajaacha kunyonya. Maji anayokunywa leo yanaingia kwenye lile jino lisiloonekana, na utakuja kuyaona ana miaka saba, wakati hata wewe umeshasahau alikunywa nini. Nilimwangalia yule mzee kama mtu aliyenifungulia ukuta wa nyumba yangu mwenyewe nikakuta kuna chumba sikijui.

Wakati huo alikuwa ameshamimina maji ya mvua kwenye kichupa kimoja, na ya dumu langu kwenye kingine, akadondosha dawa nyekundu ya kupimia floraidi kote. Tukaendelea na maongezi. Nilipogeuka kuangalia, maji ya mvua yalikuwa bado mekundu. Ya mkwe wangu yalikuwa yamegeuka manjano.

"Haya ni ya wapi?" akauliza taratibu.

"Ni ya mjukuu wangu," nikasema. "Lakini yanachemshwa! Mimi ndiye niliyemfundisha binti yangu. Yachemke sana, nikamwambia."

"Kuchemsha kunaua vijidudu, usiache kuwaambia watu. Lakini floraidi si kidudu. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki. Ukizidi kuchemsha, inazidi ukali. Mtoto ana umri gani?"

"Mwaka na miezi miwili."

"Basi meno yake ya mbele yanajengwa sasa hivi. Hujachelewa. Ila kila mwezi una hesabu yake."

Nikamtajia kijiji, akaniambia mto wa mchanga ulio bondeni pale kijijini alishaupima, wanapofukua mchanga kunywesha ng'ombe. Maji yake hayapendezi machoni, lakini floraidi yake ni ndogo. Yachemshwe hayo, mtoto apewe. Maji ya ng'ombe!

Jumamosi nikapanda basi kwenda kuwaambia. Mama mkwe wa binti yangu ni mjane, kanizidi umri, na kati yetu kuna heshima yote ya ukwe. Mtu huendi kwa wakwe ukaanza kukosoa mboga, sembuse maji. Tena maji ya marehemu. Akaniletea kikombe kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Mjukuu wangu alikuwa amekaa mkekani, ananywa kwenye mfuniko wa chupa, anajimwagia, anacheka na vimeno vyake vinne vya utotoni. Mimi, mwenye mdomo unaojulikana wilaya nzima, nikanywa. Nikaongezewa, nikanywa tena. Nikarudi mjini na kuku wa zawadi, sijasema neno.

Alhamisi tukaingia hewani. Mzee akaeleza yote vizuri, hata visima vya kwenye mwamba na maji ya mto wa mchanga, ila hakutaja kisima cha mtu. Nikafungua simu. Wa kwanza akauliza habari za dawa ya meno, wa pili akasalimia tu ukoo wake. Wa tatu nikaitambua sauti kabla hajamaliza kukohoa.

"Mkwe," akasema, "Jumamosi ulikunywa vikombe viwili."

"Ndiyo, mkwe."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Basi umeniheshimu vibaya. Yule ni mjukuu wa sisi wote." Kisha akamgeukia mzee. "Mtaalamu, kisima hicho alichimba mume wangu. Kabla ya kisima tulizika watoto wawili kwa kuhara. Baada yake hatukuzika tena. Sasa leo unaniambiaje?"

Mzee akasogelea maikrofoni. "Mama, nakuambia mumeo aliwaokoa watoto wako. Hakukosea popote. Hiki kitu kingine kilichomo majini hakuna jicho linalokiona, hata langu. Mimi nakiona kwa dawa tu."

"Haya. Nimesikia. Mtoto atakunywa ya mchangani. Baba yake nimeshamtuma na punda, yuko njiani."

Nilishusha pumzi, nikataka kumshukuru, lakini hakuwa amemaliza.

"Ila mimi naendelea na yangu."

"Mama," mzee akasema, "hata mtu mzima, ikizidi inaingia kwenye mifupa. Magoti, mgongo..."

"Magoti yangu nayajua."

Halafu akaacha Kiswahili, akasema maneno machache kwa Kinyaturu, polepole, akakata simu. Mzee wetu ni Mnyiramba, hakuyapata yote. Akanitazama anisaidie. Mitambo ilikuwa hewani, watu wanasubiri.

"Anasema mumewe alichimba miaka miwili, mikono inatoka damu," nikatafsiri. "Anasema maji yalipotoka, kikombe cha kwanza alimpa yeye. Anasema na cha mwisho ni chake."