Kivuti, Aliyemuua Mama Mkwe Katika Dunia ya Kumi na Tisa

Saa tisa alasiri mvua imekatika Kibugu, na lori la kiwanda linalochukua majani ya chai bado halijaonekana. Kwenye banda la kupimia majani, wachumaji wameweka vikapu chini na kukaa kimya kama wako kanisani. Wote wanamtazama Stephen Kivuti, kibarua wa kupakia magunia, ambaye ameegemea nguzo ya mizani na kufuta jasho lisilotokana na kazi.

Nyuma ya ukuta wa mbao wa banda hilo ameketi mama mkwe wake, Igoki, kutoka Kiambere. Amewapa watu mgongo na kufungua mwavuli ingawa hakuna mvua, kwa sababu hapa mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Amekuja kusikia kwa masikio yake mwenyewe jinsi alivyokufa.

Kivuti, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, hulipwa shilingi themanini kwa siku kupakia magunia. Kusimulia halipwi chochote. Lakini ukiuliza hapa Kibugu Kivuti hufanya kazi gani, utaambiwa ni msimulizi, na magunia ni ya kumwondolea baridi tu.

Hadithi yake ni moja, na imechukua miaka mitano. Inahusu watu wanaovaa kofia za nyaya na kuingia ndani ya mtambo uliofichwa chini ya bwawa la Kiambere. Mle ndani mna dunia nzima, tena nyingi, moja ndani ya nyingine, na kila moja ina namna yake ya kumuua mgeni. Katika dunia ya nne mvua hunyesha kutoka chini kwenda juu, na hubeba mbuzi. Katika dunia ya saba, ambayo watu hawachoki kuiomba, majani ya chai ndiyo huchuma watu: wazazi wawili na mtoto mchanga, kama chai inavyochumwa majani mawili na chipukizi. Babu hukataliwa kwenye mizani kwa kukomaa.

Mbegu ya hadithi aliipata Majengo, mjini Meru, mwaka 1992, alipokuwa akimbebea nyama mchinjaji mmoja. Jirani na bucha kulikuwa na chumba chenye televisheni ya kuchezea gemu. Kivuti alimwona fundi cherehani akifa mara tatu mle ndani, kisha akainuka na kwenda kunywa chai. Mwenye chumba, Kobia, alimweleza kwamba kila mchezaji hupewa maisha matatu.

"Nikaona huo ni upuuzi," anasema Kivuti. "Hapa kwetu unapewa moja, na hiyo moja yenyewe ni ya kusukuma. Kwa hadithi yangu ukifa huko ndani, umekufa na huku nje. Hakuna kurudi."

Hiyo ndiyo sheria iliyowashika watu masikio, na ndiyo iliyokuja kumkaba koo.

Kosa lenyewe alilitenda mwanzoni kabisa, tena kwa nia njema. Waembu hutoa majina ya watoto kwa zamu inayojulikana: kwanza babu na nyanya wa upande wa baba, kisha wa upande wa mama. Kivuti aliwapa majina hivyo watoto wake wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Alipoanza hadithi, mashujaa wake wanne nao akawapa majina kwa zamu ileile, shujaa wa nne akiwa Igoki, jina la mama yake Tabby, mkewe. Anasema hata mtu wa kufikiria ni mtoto wako, na mtoto hapewi jina la kuokota barabarani.

Tatizo ni kwamba Igoki wa hadithi aliwapiku wenzake wote. Aliruka mito ya moto, akanyoa ndevu za jitu likiwa macho. Sifa zake ziliteremka na wachuuzi wa ndengu hadi Kiambere, na Igoki halisi, mfugaji wa mbuzi mwenye miaka sitini na minane, akaanza kupishwa njia sokoni. Kwa furaha alimtumia mkwe wake mbuzi jike.

Kisha ikafika Aprili. Kivuti huikata hadithi pale honi ya lori inapolia, na hupenda kuikata mahali pabaya ili watu warudi kesho. Siku hiyo Igoki alikuwa akining'inia kwa mkono mmoja kwenye daraja la dunia ya kumi na tisa. Honi ikalia. Wachumaji wakakataa kuinua vikapu mpaka wajue kama atapona, dereva akatishia kwenda zake, na karani wa mizani akamkazia Kivuti macho.

"Mimi nilitaka tu wainuke," anasema. "Nikasema ameachilia. Ikatoka hivyo, na maneno ikitoka huwezi rudisha."

Mdomo huponza kichwa. Kanana, mchumaji wa miaka mingi, alilia mpaka majani yake yakapimwa na mwenzake. Habari zilipofika Kiambere zilimkuta Igoki amelala na malaria, na wanawake wa rika lake hawakuhitaji daktari kuwaeleza sababu. Tabby alikwenda kumuuguza mama yake. Mama alipona, ila Tabby hakurudi. Badala yake ulikuja ujumbe wa mdomo kutoka Kiambere: jina likifufuka, mke atarudi.

Tangu hapo Kivuti amewapikia watoto wanne na kugundua kwamba githeri haijipiki. Lakini kilichomuuma zaidi si moshi.

"Msichana wangu mdogo, huyu Igoki, aliniuliza kama na yeye ameanguka," anasema. "Nikamwambia wewe uko hapa, si unaona uko hapa? Nikakaa na hiyo maneno siku mingi."

Angeweza kumfufua shujaa wake kwa sentensi moja. Lakini mkulima Thuranira, msikilizaji wake wa siku nyingi, alikuwa amemwonya mbele ya watu kwamba Igoki akirudi, basi waliokufa wote warudi, na hadithi itakuwa porojo. Alikumbusha kwamba yeye mwenyewe alimlilia ng'ombe wake, na ng'ombe hakurudi.

Ndiyo maana leo, Igoki akiwa amepanda kutoka Kiambere pamoja na Tabby, hakuna anayegusa kikapu chake. Kivuti anakohoa na kuanza. Anasimulia mazishi ya Igoki, ambayo hayana mwili, inazikwa kofia ya nyaya tu. Kanana anaanza kulia upya. Kisha Kivuti anasimulia kwamba huku nje ya mtambo, binti wa marehemu amejifungua mtoto wa pili wa kike. Hapo anaikata hadithi.

Hakuna anayehitaji kuambiwa jina la mtoto. Msichana wa pili ni wa nyanya mzaa mama, na kwa mila za hapa aliyepewa jina ndiye mwenyewe. Mama humwita binti yake "mama" na hakuna anayecheka. Thuranira anakuna kichwa akitafuta mahali sheria ilipovunjwa, anapakosa, anapiga makofi.

Sauti inatoka nyuma ya ukuta. Igoki hasemi na mkwe wake moja kwa moja, ingawa kati yao kuna ubao mmoja tu.

"Tabby, muulize baba Nthiga, huyo mtoto ako na meno?"

Tabby anamuuliza mumewe, ambaye huitwa hivyo kwa jina la mwanawe wa kwanza, kisha anaupelekea ukuta jibu: bado hana.

"Sasa atapigana na nini? Mwambie mimi ni mzee. Sina wakati ya kungoja mtu atambae."

Banda linaangua kicheko. Lakini mwandishi wa makala haya alipozunguka nyuma, mama huyo alikuwa ameshusha mwavuli na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mimi sijawahi fika mbali kuliko Embu, na magoti inauma," anasema. "Lakini huko ndani nilikuwa naruka. Waliposema nimeanguka, nikaona hata kutoka kitandani ni ya nini."

Igoki amemkubali mtoto, kwa sharti. Kwa kuwa mila haimruhusu kulala nyumbani kwa mkwe, atakaa kwa Kanana, na kila siku atakuja bandani mpaka mtoto huyo atembee. Hataki aangushwe tena.

Kivuti anamtazama mkewe akipanda njia ya nyumbani, watoto wakimvuta leso kila upande, na kwa mara ya kwanza leo anatabasamu.

"Nilikuwa na mpango nifike dunia ya thelathini kabla ya mwaka elfu mbili," anasema. "Hiyo ingoje. Saa hii mpango ni moja, huyo mtoto asishikwe hata na mafua."