Mjomba wa Siku ya Wazazi

Miaka ile ya foleni za sabuni na sukari, elimu nayo ilikuwa foleni, ila hii ukitolewa umetolewa. Unasoma hadi darasa la saba, unafanya mtihani mmoja, basi. Ukichaguliwa, unakwenda sekondari ya serikali, na ukijaliwa hata chuo kikuu. Usipochaguliwa, rudi nyumbani ukasuke ukili wa mikeka. Shule za kulipia zilikuwa chache, na kurudia darasa kulikatazwa.

Sikuchaguliwa. Nililia mtaa wetu mzima wa Makorora, pale Tanga mjini, ukajua.

Baba yangu, fundi mwashi, mbishi kuliko mawe yake, alinipeleka kijijini Tongoni kwa shangazi. Huko binti wa darasa la sita alikuwa ameozwa, na nafasi yake shuleni ilikuwa wazi. Mwalimu mkuu alikubali niikalie, mradi nichukue jina la binti huyo na la baba yake. Wengi walifanya hivyo, msijifanye hamjui. Siku moja binti mwenyewe, tumbo limeshamjaa, alinikuta kisimani akaniita kwa jina lake huku akicheka. Mimi sikucheka.

Nikafaulu, nikapelekwa shule ya bweni mbali na Tanga. Siku ya wazazi baba alikuja na kanzu yake ya Idi na kifurushi cha kashata. Mwalimu wa zamu akamuuliza yeye ni nani wangu. Kwenye karatasi za shule baba yangu alikuwa mtu mwingine, wa Tongoni. Baba alinitazama kwanza.

"Mimi mjomba wake," akasema.

Tangu hapo nikawa namwamkia shikamoo mjomba mbele ya wenzangu, roho inaniuma. Hata salamu za nyumbani zilikuja hivyo, mjomba kasema hili, mjomba kasema lile.

Nilipofika kidato cha nne, mitumba imejaa madukani na shule za watu binafsi zinafunguliwa kila upande, mkuu wa shule aliniita ofisini. Simu ilikuwa imepigwa kutoka Tanga. Mjomba wangu amefariki, anazikwa alasiri.

"Pole, mwanangu. Lakini ruhusa ya msiba ni kwa baba na mama tu."

Nilifungua mdomo. Mtihani wa mwisho ulikuwa umekaribia. Nikisema yule ndiye baba, nafukuzwa, na yote aliyoyahangaikia yanakwenda na maji. Nikasema ahsante, mwalimu, nikarudi darasani.

Usiku bwenini wenzangu walinishangaa, mtu kumlilia mjomba namna ile.