Supu ya Ijumaa

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mie. Niliishia darasa la saba, nikaanza maisha kwa kusukuma mkokoteni, na leo malori yenye jina langu ubavuni yanatoka Kurasini mpaka mpakani na kurudi. Nimeona kontena likidondoka, nimeona tajiri aliyeamka nacho akalala hana, na sikupepesa jicho. Ila kuna harufu moja ikinipitia asubuhi, harufu ya supu ya makongoro ya ng'ombe iliyokamuliwa limau, nasimama kama mtoto. Inanirudisha Mwananyamala, kwenye kipupwe cha mwaka ule mguu wa baba ulipotaka kukatwa.

Baba alitoka Lindi akiwa kijana, akabeba magunia bandarini mpaka mabega yakawa magumu kama mbao. Kisha wakamfanya mnyapara, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mnyapara hanyanyui kitu ila kidole. Akawa anakaa kwenye kiti lakini anakula kama bado anabeba. Tumbo likatangulia, sukari ikafuata, na kidonda kidogo kwenye muundi kikagoma kufunga. Daktari akamwambia wazi kwamba asipobadili chakula na asipotembea, mguu utaondoka. Mama hakulia. Alibadili jiko. Sembe ikatoka, dona ikaingia, tena tonge la kupimwa. Mchicha, mlenda, dagaa wa kuchemsha na nyanya. Moshi wa jiko letu ulipoteza harufu ya vitunguu vya kukaanga, na majirani wakadhani tumefilisika. Baba aliyapokea yote kwa methali moja, mla ni mla leo, mla jana kala nini. Mama naye alikuwa na yake, tamaa mbele mauti nyuma. Nyumba ikawa inaishi katikati ya methali mbili.

Kila asubuhi ilimpasa baba atembee kwa miguu hadi Magomeni, ndipo apande basi la kwenda kazini. Mie nilikuwa nasoma zamu ya mchana, kwa hiyo nilimsindikiza nikiwa nimebeba hotpoti la chakula chake. Nilikuwa na mwendo kuliko mtoto yeyote wa mtaa ule, nendeni mkaulize. Baridi ya asubuhi ilituuma masikio, mchanga ulikuwa na umande, na kabla hatujafika mbali tulikuwa tumeshaipata ile harufu. Ilikuwa ya sufuria la Bakari, kijana muuza supu, na pembeni yake palikuwa na mama wa chapati. Baba alikuwa haombi ruhusa. Anaketi kwenye benchi, anasema mguu nao unataka mafuta ili uzunguke, anapiga mabakuli mawili na chapati tatu, kisha tunaendelea na mazoezi yetu.

Siri ile ilitolewa na shati. Mama alipofua alikuta mafuta yameganda kwenye mkono wa kulia. Hakumuuliza mumewe neno. Alijifunga khanga, akanishika mkono, akaifuata njia yetu na kusimama kwa kila muuzaji. Kwa Bakari alisema taratibu, kama anayeagiza nyanya, “Mwanangu, mume wangu muuzie Ijumaa tu. Bakuli moja, chapati moja. Siku nyingine mnyime.”

Bakari akajikuna. “Mama, mzee ni mteja wangu.”

“Ndiyo maana nataka akudumie,” mama akasema.

Kesho yake baba aliketi kama kawaida.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Weka.”

“Leo Jumanne, mzee. Ijumaa nakuwekea.”

Baba akacheka, akidhani ni utani. Bakari hakucheka. Baba akamgeukia mama wa chapati, naye akawa ghafla ana kazi nyingi na unga wake. “Kwa hiyo siku hizi hela yangu ina siku zake?” baba akauliza.

“Hela haina siku, mzee,” Bakari akasema. “Mguu ndio una siku.”

Tulitembea mpaka Magomeni, baba akiwa mbele. Niliogopa kurudi nyumbani jioni ile, maana baba hakuwa mtu wa kunyimwa. Lakini alikula mchicha wake wote, akanawa. Ilipofika Ijumaa, Bakari alimpangusia benchi. Sijawahi tena kuona mtu akila supu vile. Alikunywa taratibu, akanyonya kila mfupa, akanikatia kipande cha chapati. Vuli ilipoanza kunyesha kidonda kilikuwa kimefunga, na baba alizeeka sana kabla hajazikwa, akiwa na miguu yake yote miwili.

Sasa sukari imenifuata mie, na siku hizi dunia haina Bakari. Ukitaka kuku usiku wa manane unabonyeza simu, pikipiki iko getini, na kijana anayekuletea hajui kama una mguu. Nilinunua mashine ya kukimbilia, sasa inaanikiwa mataulo. Nikaapa sigusi kitu kitamu kabisa, nikavumilia mpaka harusi ya mpwa wangu, nikala pilau ya watu wanne. Ndipo nikamwendea kijana mmoja muuza supu karibu na yadi yangu, nikamweleza shida yangu ya sukari na siku yangu ya Ijumaa, nikataka kumlipa mshahara wa kuninyima.

“Kunyima ni bure, bosi,” akasema. “We njoo kwa miguu.”

Wiki iliyofuata nikaenda kumjaribu. Niliweka mezani noti ambazo zingenunua sufuria zima. Akazirudisha kwa ncha ya kidole. “Leo Jumanne, bosi.”

Habari za baba sikuwa nimemwambia. Nilisimama pale, mtu nisiyeshangazwa na kitu, macho yakiniwasha kama nimemenya vitunguu. Ijumaa nikaenda kwa miguu. Akanipangusia benchi, akaniwekea bakuli moja, chapati moja, limau nusu. Nikalipa elfu tatu na mia tano.